Uzi: Kurekebisha kabureta ya pikipiki ya zamani huku Nyanda za Juu Kusini, na kwa nini skrubu iguswe mwisho

Mleta uzi, Mbeya

Wakuu, salaam kwenu. Nafungua uzi huu kwa sababu ya lalamiko ambalo kila mwenye pikipiki ya zamani hapa Mbeya analijua. Pikipiki, iwe Honda CG125, Yamaha DT125, Suzuki TF125 au ile AG100 waliyozoea kuiendesha mabwana shamba, inanunuliwa Dar es Salaam ikiwa nzima na inatembea vizuri, lakini ikishafika huku inakuwa nzito mlimani, inakula mafuta, inanuka petroli ikiwa imesimama, na plagi yake inatoka nyeusi tii. Mwenyewe anaipeleka kwa fundi. Fundi anachukua bisibisi, anazungusha skrubu iliyo ubavuni mwa kabureta (chombo kinachochanganya petroli na hewa) huku ametega sikio, mlio unakuwa mzuri, pesa inalipwa, na kesho yake mlima wa Iwambi unampa mwenye pikipiki majibu yale yale.

Ninachotaka kusema ni kwamba skrubu ile ndiyo ya mwisho kuguswa, na hata ikiguswa inatawala sehemu ndogo tu ya mwendo. Petroli inayozidi kwa sababu ya mwinuko wetu, pamoja na ile inayozidi kwa sababu ya uchakavu wa kabureta, inapita kwenye jeti (vipande vya shaba vyenye tundu dogo la kupitisha petroli) na kando ya sindano, mahali ambapo skrubu haina mamlaka.

Tuanze na mwinuko. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Njombe iko juu zaidi, inakaribia mita 2,000, na Iringa iko chini kidogo ya Mbeya. Katika mita 1,700 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Kabureta haina namna ya kulitambua hilo. Hewa inapopita kwenye koo lake jembamba inaongeza kasi, shinikizo linashuka, na petroli inanyonywa kutoka kwenye bakuli kupitia jeti. Hewa ikiwa nyepesi, nguvu ya kunyonya nayo inapungua, lakini petroli inapungua kwa kufuata kipeuo cha pili cha wepesi huo, haipungui sawasawa na hewa yenyewe. Matokeo yake ni kwamba mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi kupita kiasi kwa asilimia 8 au 9.

Ili petroli yote iungue bila kubaki, kila kilo 1 yake inahitaji kilo 14.7 za hewa, na injini hutoa nguvu nyingi zaidi uwiano unapokuwa kwenye 12.5 hadi 13. Pikipiki iliyokuwa kwenye 13 ikiwa pwani, bila kuguswa chochote, ikifika hapa inakuwa kwenye 12. Kwa uwiano huo bado inatembea, tena pengine mwendeshaji asigundue. Shida ni kwamba pikipiki yenye miaka thelathini haikuwa kwenye 13 hata huko ilikotoka, kwa hiyo ikipanda mlima inaangukia kwenye 11, na hapo ndipo moshi mweusi na harufu vinapoanza.

Jambo hili tuliseme mapema ili watu wasigombane na mafundi bure: hata kabureta ikirekebishwa kwa ustadi wote, injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada) itakuwa na nguvu pungufu kwa takriban ile asilimia 15, kwa sababu hewa yenyewe ni pungufu. Marekebisho yanaondoa ule uzito wa ziada unaotokana na petroli kuzidi. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza maneno.

Sasa mambo ya kukagua kabla ya bisibisi. Kichujio cha hewa kiwe safi, choki, ile ya kuongeza petroli wakati wa kuwasha injini baridi, ifunguke yote (waya wake ukishika kutu, choki hubaki imefungwa kidogo na hakuna anayeona), uwazi wa valvu (kwa injini za viharusi vinne kama CG) uwe kama kitabu cha pikipiki kinavyosema, na lile bomba la mpira linalounganisha kabureta na injini lisiwe na ufa. Ufa huo unaingiza hewa isiyopimwa, na injini itapandisha mlio na kushuka yenyewe bila kutulia. Kuujua ni rahisi: injini ikiwa inanguruma yenyewe, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio, mlio ukibadilika, umeupata. Msinyunyizie petroli kama nilivyoona ikifanywa, kwa sababu injini ni ya moto na cheche ziko karibu.

Mambo mawili yanastahili maneno zaidi. La kwanza ni usawa wa petroli ndani ya bakuli. Boya, lile linaloelea na kufunga petroli bakuli likijaa, likiwa limepinda ulimi wake, au sindano ya boya ikiwa imelika ncha na kuacha pete inayoonekana kwa jicho, petroli inasimama juu kuliko inavyotakiwa, na kila jeti inatoa zaidi kwa wakati mmoja. Hakuna skrubu wala jeti itakayokupa jibu la kweli ukiwa na tatizo hili. Kwenye kabureta yenye tundu la kumwagia petroli chini ya bakuli, chomeka mpira mwembamba unaoonesha ndani, uinue ubavuni mwa kabureta, fungua skrubu ya kumwagia, na utaona petroli imesimama wapi ukilinganisha na mdomo wa bakuli. Pikipiki iwe wima, si imeegemea stendi ya pembeni.

La pili ni uchakavu wa sindano kubwa na bomba lake la shaba. Sindano hiyo inaning'inia kwenye slaidi, ile inayopandishwa na waya wa mafuta, na inatetema ndani ya bomba miaka yote pikipiki inapotembea. Mwishowe tundu la bomba linakuwa na umbo la yai badala ya duara, na sindano yenyewe inakuwa na mng'ao upande mmoja. Itoe, ipitishe kucha taratibu kutoka juu kwenda chini. Ukucha ukikwama kwenye kijiukingo, imekwisha. Uwazi huo mdogo unatosha kuongeza petroli kwenye mwendo wa kati, ambao ndio mwendo wa kila siku. Tena sindano na bomba vibadilishwe pamoja, maana sindano mpya ndani ya bomba lililolika ni kupoteza pesa.

Na kuhusu jeti zenyewe, tafadhali zisizibuliwe kwa waya wa breki. Jeti ni shaba laini, na tundu lake limetobolewa kwa vipimo vya sehemu ya mia ya milimita. Waya ukipita mara chache, namba iliyochongwa kwenye kichwa cha jeti haina maana tena. Loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pulizia kwa kompresa, na ikilazimu tumia uzi wa mshipi wa kuvulia samaki.

Mchangiaji, Iringa

Ndugu mleta uzi, shikamoo kama umenizidi umri, maana unaandika kama mzee wa gereji. Nimefanya kazi hii kwa muda mrefu na mimi hutumia sikio na skrubu tu, na wateja wanarudi wakiwa wameridhika. Unasema skrubu inatawala sehemu ndogo. Ni ndogo kiasi gani? Na wakati mwingine mteja hana pesa ya jeti, hivyo tunachukua uzi mmoja wa waya wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, tunaupitisha ndani ya jeti kubwa na kuukunja, na petroli inapungua. Je, hilo nalo ni kosa?

Mleta uzi

Marahaba, mkuu, ingawa huenda mimi ndiye ninayepaswa kukuamkia. Sikio silidharau hata kidogo. Tatizo ni kwamba pikipiki ikiwa imesimama gereji, sikio linasikia sailensa tu, yaani injini inavyonguruma bila mtu kuvuta mafuta, na sailensa ndiyo hasa eneo la skrubu.

Kipimo cha kulithibitisha kiko mkononi. Bandika kipande cha plasta nyeupe kwenye mkono wa mafuta na kingine kwenye kishikio chake kisichozunguka, kisha chora alama za robo, nusu na robo tatu. Kutoka kwenye kufunga kabisa hadi robo, anayetawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu, na baada ya hapo kidogo mkato ulio chini ya slaidi. Kutoka robo hadi robo tatu anatawala sindano kubwa na bomba lake. Kutoka robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Mipaka hiyo inaingiliana, lakini si sana. Mtu anayelalamika kwamba pikipiki inakuwa nzito akiwa amevuta mafuta yote mlimani, ukimrekebishia skrubu umemtibu mguu wakati anaumwa jino.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, endesha na uangalie alama: tatizo linatokea wapi? Ukilipata, vuta choki kidogo ukiwa kwenye alama ile ile. Injini ikizidi kuwa nzito au ikianza kukohoa, petroli ilikuwa nyingi tayari. Ikichangamka, ilikuwa pungufu. Ni kipimo cha bure na hakihitaji spana. Ila tafuteni barabara ya kijijini iliyo tulivu. Barabara kuu ya TANZAM pale Inyala na Iwambi, penye malori yanayoteremka na breki za moto, si mahali pa mtu anayetazama plasta.

Kuhusu uzi wa shaba, kwa kweli si ujinga. Unapunguza eneo la tundu, na kama mtu amekwama Makambako usiku unamfikisha nyumbani. Lakini haupimiki, unaweza kutoka na kuziba mahali pengine, na fundi atakayefungua kabureta hiyo baada yako ataisoma namba ya jeti bila kujua kuna mgeni ndani. Kwa kazi ya kudumu, jeti ya namba ndogo ni bora.

Kwa anayetaka kushusha sindano badala ya kununua kitu, hilo ni bure pia. Juu ya sindano kuna mikato, mara nyingi mitano, yenye klipu ndogo. Ukiihamisha klipu kwenda mkato wa juu, sindano inashuka na petroli inapungua kwenye mwendo wa kati. Ukiishusha klipu, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Kwa mwinuko wa Mbeya, mkato mmoja juu ya ule wa kiwandani kwa kawaida unatosha, mradi sindano na bomba havijalika.

Mchangiaji, Kyela

Asante sana kwa darasa, kaka. Mimi ninaishi Kyela na ninapanda Mbeya kila wiki na CG yangu, nikibeba mchele kwenda na bidhaa za duka kurudi. Nikirekebisha kwa Mbeya si nitaua injini nikirudi kwetu kwenye joto?

Mleta uzi

Ndugu wa Kyela, umegusa penyewe. Kyela iko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila safari yako ina tofauti ya mwinuko wa mita 1,200, na mchanganyiko unabadilika kwa takriban asilimia 6 kati ya nyumbani kwako na Uyole. Petroli ikizidi kidogo, unapoteza mafuta na nguvu, na plagi inachafuka. Ikipungua, hasa ukiwa umevuta mafuta yote na mzigo nyuma, kichwa cha injini kinapata joto kali, valvu ya kutolea moshi inaungua, na katika hali mbaya pistoni inatoboka. Hasara hizo mbili hazilingani.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba pikipiki inayopanda na kushuka irekebishwe kwa mahali pa chini kabisa inapofanya kazi. Wewe acha jeti kubwa ya kiwandani, hakikisha ni ya kiwandani kweli na haijachokonolewa, na uvumilie uzito kidogo ukishapita Tukuyu. Kama uzito unakukera sana, shusha sindano mkato mmoja, kisha itazame plagi ukiwa Kyela baada ya siku ya kazi. Anayeishi Mbeya na kuishia Mbalizi na Igawilo ndiye aliye huru kupunguza jeti. Na yeyote wa Iringa anayeshuka Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni ajihesabu kuwa yuko kundi lako.

Mchangiaji, Mbarali

Huku Rujewa na Ubaruku vijana wengi wanatoa kichujio cha hewa kabisa, wanasema pikipiki inapumua na inakuwa nyepesi. Nimejaribu, na kweli inakuwa nyepesi. Kuna ubaya gani?

Mleta uzi

Inakuwa nyepesi kwa sababu ilikuwa imezidiwa petroli, na ulipotoa kichujio hewa ikaongezeka. Umepata jibu sahihi kwa njia itakayokugharimu ringi na silinda, maana vumbi la Usangu wakati wa kiangazi ni mchanga laini, na kila unachokiona kimetanda juu ya tangi kinaingia pia ndani ya injini. Baada ya muda mfupi itaanza kutoa moshi wa bluu, na kwenye hali hiyo hakuna jeti itakayosaidia.

Kichujio cha sponji kinafuliwa kwa maji ya sabuni, kinakamuliwa bila kusokotwa, kinakaushwa kivulini, kisha kinapakwa oili ya injini kidogo na kukamuliwa tena mpaka kisidondoke. Oili ndiyo inayokamata vumbi. Sponji kavu inalipitisha. Na kama kichujio kilikuwa kimejaa, kifue kwanza ndipo uijaribu pikipiki, kwa sababu huenda nusu ya tatizo lako lote ilikuwa hapo. Wakati wa kiangazi huko kwenu ningekifua kila wiki.

Mchangiaji, Njombe

Mkuu, mimi nina Yamaha DT125 ya zamani, ile ya kupozwa kwa hewa. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu haiwaki bila choki ndefu, na ikishawaka sailensa haitulii. Nianzie wapi na skrubu yake? Na je, nipunguze jeti kama wenzangu wa Mbeya?

Mleta uzi

Tusichanganye baridi na marekebisho. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, na petroli haigeuki mvuke kirahisi kwenye injini baridi, kwa hiyo choki asubuhi za Njombe ni haki yake. Usirekebishe chochote alfajiri. Endesha dakika kumi au zaidi, injini ipate moto sawasawa, ndipo uanze.

Kabla ya kuizungusha skrubu, itambue ni ya aina gani, kwa sababu zipo mbili na zinafanya kazi kinyume. Ikiwa iko upande wa kichujio cha hewa, nyuma ya slaidi, hiyo ni skrubu ya hewa: ukiikaza unapunguza hewa, petroli inazidi. Ikiwa iko upande wa injini, mbele ya slaidi, hiyo inapitisha mchanganyiko wenyewe: ukiikaza, petroli inapungua. DT yako ina kabureta ya kampuni ya Mikuni, aina ya VM, na skrubu yake ni ya hewa. Nimeona watu wawili wakibishana kwa sauti juu ya skrubu moja, kila mmoja akiwa sahihi kwa pikipiki yake ya nyumbani.

Ikaze taratibu hadi iguse, ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu hiyo. Usiikamue, ncha yake ni nyembamba na inaharibu kikalio. Ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Pandisha sailensa kidogo kwa skrubu ya slaidi, kisha izungushe ya hewa robo mzunguko kila mara, ukisubiri injini ijibu kabla ya robo nyingine. Kuna mahali mlio utakuwa wa kasi na laini kuliko pengine pote. Ukipapata, rudisha sailensa chini, urudie mara moja zaidi.

Mahali hapo ulipopapata panakueleza jambo. Kwa skrubu ya hewa, kama injini inapenda ikiwa imekazwa karibu yote, jeti ndogo ni ndogo mno au imeziba. Kama inapenda ikiwa imelegezwa mizunguko mitatu au zaidi, jeti ndogo ni kubwa mno, na kwa mwinuko wa Njombe hilo ndilo ninalolitarajia. Kwa ile ya upande wa injini, geuza maneno yote hayo.

Kuhusu kupunguza jeti kubwa, DT ni injini ya viharusi viwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo nenda polepole kuliko wenzako. Petroli inayopita kwenye kasha la krenki, chini ya pistoni, inapoza pistoni pia. Yamaha yako ina pampu yake ya oili, na hiyo ni nafuu. Lakini kama mtu aliyekuuzia aliitoa na wewe unachanganya oili ndani ya tangi, basi ukipunguza petroli umepunguza na oili. Pistoni ikikamata kwenye mteremko, gurudumu la nyuma linasimama ghafla. Shuka hatua moja tu, endesha wiki nzima, itazame plagi, ndipo ufikirie ya pili.

Mchangiaji, Iringa

Nimeridhika na hoja ya alama za plasta, nitaijaribu. Swali langu la mwisho: plagi tunaisomaje? Vitabu vinasema rangi ya kahawia, lakini siku hizi siioni hiyo kahawia hata kwenye injini nzima. Na jeti ninunue namba gani?

Mleta uzi

Vitabu vingi vya pikipiki hizi viliandikwa wakati petroli ilikuwa na risasi. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na petroli ya sasa inaacha rangi hafifu, pengine kijivu chenye ukahawia kidogo. Masizi makavu yanayofutika kwa kidole ni petroli kuzidi. Weusi wa mafuta mafuta unaoteleza, kwa injini ya viharusi vinne, ni oili inayopita kwenye ringi au valvu, na hapo kabureta haina hatia. Weupe mkavu wenye vipele vidogo ni hatari, usiendelee kuendesha. Ili usome jeti kubwa peke yake, panda mlima ukiwa umevuta mafuta yote, zima injini hapo hapo huku umebana klachi, simama pembeni na uifungue plagi. Ukirudi nayo gereji ikinguruma taratibu, utasoma jeti ndogo.

Namba za jeti hazina maana moja kwa kila mtengenezaji: baadhi zinahesabu kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, nyingine zinahesabu kiasi cha petroli kinachopita. Kwa za kipenyo, asilimia 8 ya petroli ni kama asilimia 4 tu ya kipenyo, hivyo 100 inashuka hadi 96 hivi. Kwa za kiasi, inashuka hadi 92. Jeti ya Keihin, kampuni nyingine ya kabureta, haiingiliani na ya Mikuni kiholela, hata pale nyuzi zinapokubali. Beba jeti yako ya zamani mkononi unapokwenda dukani, linganisha kichwa, urefu na nyuzi. Kwa CG, jeti za pikipiki za Kichina zilizoiga injini yake mara nyingi zinaingia. Nunua mbili, hatua moja chini na hatua mbili chini, uanze na ile ya hatua moja, na ile ya kiwandani iandike namba na kuihifadhi, maana siku ukiiuza pikipiki kwa mtu wa Morogoro ataihitaji.